Pasi ya Treni ya Wiki Nzima kwa Safari Fupi: Piga Hesabu Kabla ya Kubonyeza PIN

Jumamosi moja mwezi wa Agosti tulikuwa Jomvu Kuu, kibandani kwa wakala wetu, tukizungumza na wateja kuhusu kuweka akiba kwa simu. Kikao kilikuwa karibu kwisha, watu wameshaanza kuulizia chai, ndipo mama mmoja akanyoosha mkono. Hakuwa na swali la akiba. Alikuwa na ujumbe wa WhatsApp.

"Hebu nisomeeni hii," akasema. "Nataka kulipa leo kabla nafasi hazijaisha, lakini moyo unasita."

Ujumbe ulisema hivi: kuna pasi ya SGR ya familia, ya siku 7. Ukishalipa unapanda treni mara utakazo, Mombasa, Voi, Nairobi mpaka Naivasha. Mtu mzima Sh3,500, mtoto Sh2,000. Nafasi zimebaki chache. Tuma pesa kwa namba hii, kisha tuma picha ya ujumbe wa malipo, utaletewa pasi yako kwa simu.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi akacheka. "Pasi? Mimi naijua ya kunyooshea nguo na ya kusafiria ng'ambo. Hii ya treni ni ipi tena?"

"Ami, nawe!" mama akamjibu. "Dadangu yuko Ujerumani, ana tiketi moja ya mwezi, anapandia treni mji hadi mji. Mimi nikadhani sasa mambo yamefika kwetu."

Tukamwomba atueleze safari yenyewe. Kijana wake wa kwanza amepata nafasi Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro karibu na Nakuru. Usajili ni Jumatatu ya wiki inayofuata. Mama anampeleka mwenyewe, pamoja na binti yake wa miaka 9 kwa kuwa hana wa kumwachia. Wataondoka Jumamosi, walale Nairobi kwa jamaa, Jumapili waende Nakuru, kisha warudi. Miji mitatu kwa siku chache. Kwenye simu ana Sh20,000 alizokusanya kwa kuuza mahamri na mgao wake wa chama. Hizo ndizo nauli, ndizo chakula cha njiani, na ndizo vitu vya kijana vya kuanzia maisha ya hosteli. Hazina nyingine nyuma yake. Zikipotea, kijana analala kwenye vyuma vya kitanda.

Basi tukaacha mada yetu, wakala akatupa karatasi na kalamu, na tukaanza hesabu. Tunaiandika hapa kwa sababu wateja wengi wanakutana na swali kama hili, iwe ni pasi ya treni, tiketi ya kwenda na kurudi, au kifurushi chochote cha "lipa mara moja, tumia upendavyo".

Pasi ni kama bando

Pasi ya treni ni malipo ya mara moja yanayokuruhusu kupanda treni kwa muda fulani bila kukata tiketi ya kila safari. Ukitaka kuielewa haraka, fikiria bando la intaneti. Bando la wiki ni rahisi kuliko kununua la siku mara saba, hiyo ni kweli. Lakini kama wewe ni mtu wa kusoma ujumbe mbili tatu jioni, wiki itakwisha, bando litakufa na mabaki yake, na pesa imekwenda. Bei ilikuwa nafuu, ila wewe hukuwa na matumizi ya kutosha.

Kwa hivyo swali la "hii pasi ni rahisi?" halitoshi. Swali ni hili: safari nitakazofanya kweli, nikizikatia tiketi moja moja, zitanigharimu ngapi? Jumla hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya pasi. Ikiwa jumla ni kubwa kuliko pasi, pasi inafaa. Ikiwa ni ndogo, mwache muuzaji na pasi yake.

Zingatia maneno "nitakazofanya kweli". Si zile unazotamani. Mtu akiambiwa anaweza kupanda mara atakazo, akili huanza kutembea: labda nitapitia Voi kumwona shemeji, labda nitawapeleka watoto Naivasha. Labda hizo zote huwa tunazilipia, halafu tunarudi nyumbani bila kuzitumia.

Hesabu ya mama wa Jomvu Kuu

Tuliandika kila safari ya treni kwenye mstari wake. Nauli ya Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi, daraja la kawaida, ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mwezi wa Januari 2024. Daraja la kwanza lilitoka Sh3,000 likawa Sh4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya hapo hupakatwa bila nauli.

Kwenda: mama Sh1,500, kijana Sh1,500, binti Sh750. Jumla Sh3,750.

Kurudi: mama Sh1,500, binti Sh750. Jumla Sh2,250.

Treni yote, kwenda na kurudi: Sh6,000.

Pasi tatu kama zilivyotangazwa: Sh3,500 mara mbili, na Sh2,000 ya mtoto. Jumla Sh9,000.

Mama aliitazama karatasi, akairudia kwa kidole. "Kumbe kijana harudi!"

Hapo ndipo penyewe. Kijana anakwenda kukaa chuoni. Safari yake ni ya upande mmoja, Sh1,500 basi. Kumnunulia pasi ya siku 7 ni kulipa zaidi ya mara mbili ya nauli yake kwa treni ambayo hataipanda. Na hata mama mwenyewe, kwenda na kurudi ni Sh3,000, wakati pasi ni Sh3,500. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao ambaye pasi ingemfaa, hata kama ingekuwa ni pasi ya halali yenye muhuri wa serikali.

Tofauti ni Sh3,000. Tukamuuliza hizo ni nini kwake. Hakufikiria sana. "Ni godoro," akasema.

Pasi haigusi safari yote

Kuna jambo la pili. Mtu akisema "nauli ya Nairobi" hufikiria treni peke yake. Lakini safari haianzii stesheni, wala haiishii stesheni.

Sisi tunaokaa upande wa bara wa Mombasa tuna bahati moja. Stesheni ya SGR iko Miritini, jirani na Jomvu. Kutoka Jomvu Kuu ni boda boda au matatu ya muda mfupi. Mwenzetu wa Likoni ana kivuko cha kuvuka, na ingawa kuvuka kwa miguu ni bure, kuna matatu za pande zote mbili na foleni isiyo na adabu. Tiketi ya treni ni bei moja kwa wote, lakini safari ya Likoni na safari ya Jomvu Kuu si gharama moja.

Ukifika Nairobi, treni inakushusha Syokimau, nje ya mji. Kuna treni ndogo za kuingia katikati ya jiji, na kuna matatu, lakini zote ni nauli nyingine. Halafu Nakuru. Njia ya SGR iliyofunguliwa mwaka 2019 kutoka Nairobi inaelekea Naivasha, Nakuru haijafika. Ipo reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na inapita Nakuru. Treni ya abiria ya Kisumu iliporudishwa Disemba 2021, ilipangiwa kutoka Nairobi Ijumaa jioni na kugeuza Jumapili. Mama anataka kutoka Nairobi Jumapili asubuhi. Kwa hivyo Nakuru ni matatu, na kutoka Nakuru hadi Njoro ni matatu nyingine.

Ukihesabu vizuri, safari ya mama ina vipande vinane au tisa kwenda na kurudi. Treni ni vipande viwili tu. Pasi inayoitwa ya "safari nzima" ingemlipia viwili hivyo, na vilivyobaki angetoa mfukoni vilevile.

Na ukitaka kulinganisha treni na basi, tumia njia hii hii. Usilinganishe nauli na nauli. Linganisha mlango na mlango: kutoka mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa unakokwenda. Basi huchukua saa nyingi zaidi barabarani, lakini linaweza kukufikisha katikati ya mji, au hata kukupeleka moja kwa moja mpaka mji wa tatu bila kubadilisha. Treni huenda haraka, lakini ina vipande viwili vya kuongeza, na mizigo hukaguliwa. Mwenye mtungi wa gesi au stovu yenye mafuta ya taa asijisumbue kwenda nayo stesheni. Vitu vya hosteli ni afadhali kuvinunua Nakuru.

"Mara utakazo" ni mara ngapi?

Neno tamu kuliko yote katika ujumbe ule lilikuwa "mara utakazo". Tukamuuliza mama: treni ziko ngapi kwa siku?

Kwa ratiba ya miaka ya karibuni, kutoka Miritini kuna treni ya saa mbili asubuhi inayosimama vituo vya kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Kuna ya saa tisa alasiri ya kwenda moja kwa moja, na ya saa nne usiku. Kutoka Nairobi ni vivyo hivyo.

Sasa tuseme unataka kushuka Voi. Treni inayosimama huko ni ile ya asubuhi. Ukishuka umwone shemeji, ya kuendelea Nairobi itapita kesho yake. Kwa hivyo kituo kimoja cha njiani kinakula siku nzima. Katika safari ya siku nne, siku moja ni robo ya safari yako. Hata ungekuwa na ruhusa ya kupanda treni mara mia, ratiba itakuruhusu mara chache tu, na wewe ndiye utakayelipia usiku wa kulala Voi.

Hapa tunaongeza la saa, kwa sababu limewaponza wengi. Tiketi huandikwa saa za kizungu. "08:00" si saa nane, ni saa mbili asubuhi. "15:00" ni saa tisa alasiri, na "22:00" ni saa nne usiku. Ukipata tiketi kwenye simu, ibadilishe hapo hapo kwa saa zetu na umwambie unayesafiri naye. Treni haimngoji aliyesoma vibaya.

Sasa ujumbe wenyewe

Mpaka hapo tulikuwa tumeuchukulia ujumbe ule kama wa kweli. Hesabu peke yake ilikuwa imeshamwambia mama asinunue. Lakini mzee wa benchi hakuridhika. "Mmeshaambiwa ni ghali," akasema. "Mimi nauliza: ipo?"

Safari ya Madaraka Express huuzwa moja moja. Ukikata tiketi unaulizwa jina, namba ya kitambulisho, tarehe, treni na daraja, na unapewa behewa na kiti. Angalia sasa kilichoulizwa kwenye ujumbe wa mama: hakikuulizwa chochote. Si tarehe, si kitambulisho, si umri wa mtoto. Mtu anayekuuzia kiti bila kutaka kujua ni nani atakayekikalia, hana kiti.

La pili, pesa zilitakiwa ziende kwa namba ya kawaida ya simu, namba ya mtu binafsi. Tiketi halali unaikata kwa *639# au kwenye tovuti rasmi ya Shirika la Reli, metickets.krc.co.ke, au stesheni kwenyewe, na malipo huenda kwa akaunti ya malipo ya taasisi. Huletewi namba ya mtu wa WhatsApp.

La tatu, haraka. "Nafasi zimebaki chache" ni maneno ya kukunyima muda wa kuuliza. Mama alikuwa na muda wa kutosha: safari ilikuwa wiki moja mbele. Aliyemharakisha si treni, ni tapeli.

Tulipoingiza ile namba kwenye simu ya wakala ili tuone jina kabla ya kuthibitisha, likatokea jina la mtu. Tukafuta bila kutuma. Mama akaishika simu yake kwa mikono miwili. "Mimi nilikuwa nishaandika kiasi," akasema. "Imebaki PIN."

Tunaomba ulikumbuke hilo. Pesa ikishatumwa na ikatolewa kwa wakala upande wa pili, kuirudisha ni vigumu hata kwetu sisi tunaoendesha mtandao. Ukigundua kosa, tupigie dakika hiyo hiyo, si kesho yake. Lakini dawa ya kweli iko kwenye sekunde zile kabla ya PIN: soma jina linalotokea. Ikiwa unamlipa kampuni na jina ni la mtu, simama.

Pasi za kweli zipo, na nazo zina hesabu zake

Dada wa Ujerumani hakusema uongo. Huko ipo tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikafika euro 58 Januari 2025. Inapandiwa mabasi ya mjini, tramu na treni za mikoa nchi nzima. Lakini haipandiwi zile treni za kasi za masafa marefu. Tena inauzwa kama mkataba wa kila mwezi: usipoifuta kwa wakati, mwezi ujao unakatwa tena. Mgeni wa wiki moja akinunua na kusahau kuifuta, analipia treni akiwa kwake Jomvu Kuu anakaanga samaki. Mwenye jamaa huko, au anayepanga kwenda, alijue hilo.

Ulaya pia ipo pasi ya kuzunguka nchi nyingi. Wakaaji wa Ulaya hununua iitwayo Interrail, wageni kama sisi hununua Eurail. Unaweza kuchukua ya siku zinazofuatana au ya siku chache za kuchagua ndani ya mwezi. Kwa safari fupi tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu siku unayokaa mjini kutembea, pasi ya siku mfululizo inaliwa bure. Na kwenye treni nyingi za kasi za Ufaransa, Hispania na Italia, mwenye pasi bado hulipia kiti zaidi. Pasi ni moja, malipo si moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Japani. Mpaka mwaka 2023 pasi yao ya siku 7, daraja la kawaida, ilikuwa yeni 29,650. Tiketi za treni ya kasi kutoka Tokyo hadi Kyoto na kurudi zilikuwa zinakaribia yeni 28,000. Ukiongeza safari moja tu ndogo, pasi ilikuwa imejilipa, na kila msafiri alimshauri mwenzake ainunue. Oktoba 2023 bei ya pasi ikapandishwa hadi yeni 50,000. Treni ni zile zile, miji ni ile ile, lakini ushauri uliokuwa sahihi kwa miaka mingi ukageuka hasara kwa siku moja.

Kwetu ni vivyo hivyo. Mpaka leo tunakutana na watu wanaopanga safari ya Nairobi kwa nauli ya Sh1,000 kwa sababu ndiyo waliyolipa mara ya mwisho. Ushauri wa jirani ni mzuri, lakini bei ziangalie wewe mwenyewe, siku unayopanga.

Pasi hakuna, uamuzi upo

Mama alipokwisha kuufuta ujumbe, aliuliza swali zuri zaidi. "Basi nikate zote leo, kwenda na kurudi? Au nikate ya kwenda, ya kurudi nitaona huko?"

Hili ndilo swali la pasi likiwa limevaa nguo za kwetu. Ukikata tiketi zote mapema unapata uhakika wa kiti, lakini unajifunga kwa tarehe. Ukingoja unabaki huru, lakini unaweza kukuta treni imejaa, hasa mwisho wa mwezi, sikukuu, na wakati shule zinafungwa na kufunguliwa.

Ushauri wetu ulikuwa huu: kata mapema kile chenye tarehe isiyoyumba. Safari ya kwenda ilikuwa na tarehe: Jumamosi, treni ya asubuhi, usajili ni Jumatatu. Hiyo akaikata pale pale kwa *639#, mbele yetu, na ujumbe wa uthibitisho akaupigia picha na kumtumia kijana wake. Simu ikizimika njiani, tiketi iko mahali pawili.

Ya kurudi ilikuwa na shaka. Kama usajili ukiisha Jumatatu, angeweza kurudi Jumanne. Lakini nani amewahi kumaliza usajili wa chuo kwa siku moja? Kuna foleni ya fomu, foleni ya hosteli, foleni ya sahihi iliyosahaulika. Tukamwambia aache siku moja tupu katikati. Akakata ya Jumatano alasiri, yake na ya binti. Siku ile tupu inagharimu chakula na pa kulala, na kwa jamaa pa kulala hakuna bei. Tiketi iliyopitwa na wakati ingemgharimu zaidi.

Kisha tukazigawa pesa zilizobaki kwenye simu. Nauli za matatu na chakula zikabaki kwenye salio la kawaida. Pesa za godoro, ndoo na shuka akaziweka kwenye akiba ya kufunga, ifunguke Jumatatu. Akaacha kiasi kidogo pembeni kama nauli ya basi, endapo jambo lolote litamfanya akose treni. Hatukumshauri atembee na noti mfukoni kutoka Mombasa hadi Nakuru. Nakuru kuna mawakala, na maduka mengi ya godoro hupokea malipo kwa simu. Ukilipa dukani kwa simu, unaokoa pia ada ya kutoa pesa.

Maswali matano kabla ya kulipa

Tunakuachia haya, uyaandike popote. Yatakufaa kwa pasi, kwa tiketi ya kwenda na kurudi, hata kwa kifurushi cha safari ya chama.

1. Nitapanda mara ngapi, na nani? Andika kila mtu na kila upande. Kuna asiyerudi? Kuna mtoto wa nusu nauli?

2. Zikikatwa moja moja ni ngapi? Jumlisha kwa bei za leo. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na bei ya kifurushi.

3. Kifurushi kinaishia wapi? Andika vipande vyote mlango kwa mlango, kisha weka alama kwa vile ambavyo kifurushi kinalipia. Vilivyobaki ni vyako.

4. Tarehe zangu zinayumba? Zisizoyumba kata mapema. Zinazoyumba ziachie siku moja ya nafasi, na nauli ya akiba.

5. Pesa inakwenda kwa nani? Soma jina kabla ya PIN. Muuzaji halali wa tiketi anataka kujua wewe ni nani na unasafiri lini. Na yeyote anayekuomba PIN, hata akijiita mfanyakazi wetu, mkatie simu. Sisi hatuiulizi.

Wiki mbili baadaye tulirudi Jomvu Kuu. Mama alikuwa kibandani kwa wakala, anaweka pesa za mahamri ya asubuhi. Usajili haukuisha Jumatatu. Uliisha Jumanne saa saba mchana, baada ya karatasi moja kurudishwa mara mbili. Jumatano alasiri yeye na binti walikuwa kwenye viti vyao, na usiku uleule walikuwa Miritini wakitafuta boda boda ya nyumbani.

Mzee wa benchi alikuwepo, akamuuliza habari za kijana.

"Hajambo, ami," akasema. "Amenitumia picha ya kitanda. Godoro amelipata, na bado lina nailoni yake. Nimemwambia aitoe, anasema anaogopa litachafuka."